Bienaimé na Risasi Zilizochelewa
Bienaimé ni mwoka mikate wa Saint-Gilles, hapa Brussels, mzaliwa wa Uvira, na katika miaka kumi tuliyoishi ghorofa moja sijamwona akikadiria kitu kwa jicho. Hata chumvi ya maharage anaipima.

Mimi ni Iddi, mtu wa Bujumbura. Bunduki nilizikimbia, na sikutarajia kuwa dereva wa mtu anayezipenda. Lakini Bienaimé hana gari, na bastola yake ya leseni, ingawa imefungiwa kwenye kisanduku, hapendi kupanda nayo tramu. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi nampeleka Etterbeek, kwenye klabu ya kulenga shabaha iliyo chini ya jengo moja, kisha nakaa kwenye kiti nyuma yake akipiga, nikinung'unika.

Risasi zake anajaza mwenyewe. Anasafisha maganda yaliyokwisha kutumika, anatia baruti aliyoipima kwa mizani ndogo, anabana kichwa juu. Anachotafuta ni kimoja tu: zote zitoke kwa mwendo ule ule, maana zikitofautiana, nyingine hupiga juu na nyingine chini hata kama mkono umetulia.

Mwaka huu Madame Lucienne, kapteni wa timu, alimpa masharti. Risasi kumi zipite mbele ya kipima kasi, na kati ya iliyo haraka kabisa na iliyo polepole kabisa tofauti isizidi mita kumi kwa sekunde. Atajaribu mara tatu. Akishindwa, hakuna timu. Bienaimé alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka minane.

Mara ya kwanza, risasi nane zilitoka kwa mita mia mbili ishirini na nane, ishirini na tisa. Mbili zikashuka hadi mia mbili kumi na nne. Alirudi nyumbani akabadilisha mizani, akayatenga maganda kufuatana na viwanda vilivyoyatengeneza, akapima kila kitu mara mbili. Mara ya pili zikashuka tatu.

Tulikuwa ndani ya gari, tukikaribia kituo cha treni cha Gare du Midi.

"Donc ni mukono yangu ndiyo inadanganya?" aliniuliza.

Iliniuma. Mtu kazi yake maishani ni kupima, halafu anaambiwa hajui kupima.

Jioni ile nilitoa karatasi yangu. Mimi ndiye ninayemwandikia namba, na kwa kuwa nina hasira za karibu, pembeni huwa naandika pia majina ya watu wanaoingia kumsumbua. Kwenye deux cent quatorze, ile mia mbili kumi na nne, ya kwanza nilikuwa nimeandika: mzee wa kofia. Ya pili: bibi wa mbwa. Zile tatu za mara ya pili nazo zilikuwa na wazee wao.

Nikakumbuka anachofanya. Kwa kawaida huiinua bastola juu kuelekea dari, kisha huishusha polepole mpaka kwenye shabaha. Lakini mzee akiingia, Bienaimé hawezi kuendelea kabla ya kumsalimu. Anaelekeza mdomo wa bastola sakafuni mbele yake, anainamisha kichwa kusalimu, kisha anapandisha mkono moja kwa moja na kupiga. Wazee wenyewe wa Kibelgiji hawakuwa na habari kwamba wanasalimiwa.

Bienaimé aliitazama karatasi, akainuka, akachukua kichupa cha dawa, akatia sukari chini ya nusu, kama baruti inavyokaa ndani ya ganda. Akakiinamisha: sukari yote ikakimbilia mbele. Akakilaza: ikabaki mbele. Akakiinua mdomo juu: ikarudi nyuma, kule ambako moto huanzia. Baruti ikiwa mbali na moto huo, risasi hutoka polepole. Alirudia mara nyingi sana, macho yakimng'aa, hata chai yake ikapoa.

Nilimwambia dawa ni rahisi, aache kusalimu. Yeye akakiinamisha tena kichupa, akakiinua.

Siku ya jaribio la tatu nilijipa kazi ya ubawabu. Nilisimama mlangoni, na risasi nane zikapita vizuri kabisa. Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa tonton Mwamba, kaka wa marehemu baba yake Bienaimé, amekuja kwa tramu na fimbo yake, amesikia mtoto wao anapimwa. Nikaufungua kidogo, nikamwambia asubiri nje, nikafunga. Kupitia kioo cha mlango nilimwona ananitazama, kisha anageuka kuzielekea ngazi.

Bienaimé alikuwa amegeuza kichwa. Aliinua mkono mtupu akaniashiria: fungua. Nilitikisa kichwa kukataa. Akaashiria tena. Nilifungua na kumwita mzee.

"Jambo, mutoto," alisema Mwamba.

Mdomo wa bastola ukaenda sakafuni. Kichwa kikainama. "Jambo, tonton. Karibu." Nikajua basi, miaka minane ya kungoja imepotea.

Lakini hakupiga hapo hapo. Aliipandisha bastola taratibu mpaka juu kabisa, akaiacha hapo kidogo, akaishusha. Deux cent vingt-huit, mia mbili ishirini na nane kama zile nzuri. Na ya mwisho, vingt-neuf, ishirini na tisa. Madame Lucienne akaandika jina lake kwenye orodha ya timu.

Nilimfuata nikicheka, nikimsifu. Yeye hakucheka.

"Iddi," alinong'ona, "baruti inarudiaka nyuma. Muzee mwenye umemufungia mulango, ule harudiake."

Nilikwenda kumletea mzee Mwamba kiti changu.