Homa Aliyoiita Mafua

Huko Siaya, Magdalene alihudumu kwenye zahanati miaka kumi na mmoja. Kila aliyefika na homa alimdunga kidole, akadondosha damu kwenye kipimo cha haraka, akasubiri robo saa. Mstari mmoja, huna malaria, miwili, unayo. Hakuwahi kukisia.

Walipohamia Birmingham, Uingereza, alipata kazi ya kutunza wazee mtaani Shard End, na mambo ya vipimo akayasahau. Januari iliyopita mumewe, Solomon, alirudi kutoka Siaya alikokwenda kumzika mamake. Wiki ya pili akaanza kutetemeka.

"Mama Tevin, hii ni kama ile ya nyumbani," alisema.

"Ni mafua tu, Baba Tevin. Huku kila mtu anayo." Akampa Panadol, akakimbilia zamu yake.

Siku ya nne alimkuta akiweweseka, macho yamegeuka manjano. Hospitalini nesi aliuliza kwanza mgonjwa alikuwa amesafiri wapi, kisha akamtoa damu na kuipima. Magdalene aliiona mistari miwili kabla hajaambiwa.

Malaria ilitibiwa ikaisha, lakini figo za Solomon hazikupona. Sasa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Magdalene ndiye humpeleka. Solomon hajamlaumu hata siku moja.

"Ulikuwa umechoka, mama," humwambia wakiwa kwenye basi.

Magdalene humfunga vifungo vya koti. Angalau Solomon angemfokea, yeye angepata la kujitetea.