Mfuniko wa Baba Haukuruka Kamwe

Mimi ni mpishi wa arusi. Ukishakula pilau ya shughuli hapa Shika Adabu, Likoni, ukaomba sahani ya pili huku ukiona haya, basi huenda ulikuwa ni mkono wangu. Nasema mapema ili msomaji ajue anasemeshwa na nani. Si mtaalamu wa ndege, wala ndege yenyewe sijapata kuipanda. Lakini kile chombo ambacho watu wa mbali wanakitazama kwenye simu zao, wakiambiwa ni ndege ya siri ya Wajerumani ya wakati wa vita vikuu vya pili, nakijua kuliko wao wote. Ni mfuniko wa sufuria langu. Aliutengeneza babangu.

Babangu alikuwa fundi bati. Banda lake lilikuwa hapa hapa uani, na mchana kutwa ilikuwa ko, ko, ko, mpaka majirani wakazoea. Akinyamaza, wanakuja kuuliza kama anaumwa. Alitengeneza seredani za makaa, makarai, ndoo za kumwagilia maji na masanduku ya maharusi. Siku hizo wapishi wa arusi walikuwa wakifunika sufuria kubwa kwa bati la kawaida, kisha wanapalia, yaani wanatia makaa ya moto juu ya lile bati ili wali upate moto wa chini na wa juu. Pilau isiyopaliwa kwetu si pilau, ni wali uliotiwa rangi. Lakini bati lilikuwa bapa, makaa yakiteleza, na siku moja kaa likamwangukia shangazi mguuni. Baba alikasirika kama aliyeungua ni yeye. Akasema mafundi wote wa Likoni waone haya, na yeye wa kwanza.

Akalichukua pipa la chuma lililotoka bandarini, lililokuwa na dawa ya kusafishia mashine, akalipasua, akaliunga, akaligonga siku nyingi mpaka likawa mfuniko wa duara, mpana kuliko meza ya kulia watu wanne. Katikati aliuinua ukawa na mgongo, ili jasho la wali literemkie pembeni, lisidondoke katikati likaufanya wali uji. Ukingoni aliukunja, ukapata ukuta wa vidole vinne wa kuzuia makaa. Akautia mikono minne, na juu kabisa akasimamisha kikombe cha chuma chenye tundu la kutolea mvuke. Wali wa arusi yangu ulipikwa chini ya mfuniko huo. Baba alipofariki nikaurithi mie, kwa sababu hakuna mwengine aliyeutaka.

Hasa kaka yangu. Kaka ni mkubwa wangu, mzee wa bandarini aliyestaafu, na siku hizi anamwangalizia nyumba Mjerumani mmoja anayekaa upande wa Shelly, ufukweni. Huyo Mjerumani naye ni mstaafu, mtu mpole, anasema Kiswahili cha kujitahidi, na anapenda kuzunguka akipiga video za kuweka kwenye mtandao. Asubuhi moja kaka akamleta kwangu ati aone uani kwa mpishi. Mie nilikuwa nimeusugua mfuniko nikauegemeza ukutani ukauke. Mjerumani akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, hii nini?"

"Mfuniko, mzee wangu."

Akacheka kicheko cha mtu anayejua kuwa anafichwa jambo. Nikampa kiti, akaanza kunieleza. Wakati wa vita, akasema, mainjinia wa kwao walitengeneza kwa siri vyombo vya duara vinavyopaa moja kwa moja juu, havina mbawa, vina kasi isiyosemeka. Vita vilipowaelemea wakavificha, na vingine vikapakiwa melini na kupelekwa pande za mbali. Nikamuuliza kama amepata kukiona kimoja. Hajakiona. Babake je? Naye hakuona. Kuna kimoja popote duniani mtu anaweza kwenda kukigusa? Vimefichwa. Michoro? Ilichomwa.

"Sasa mzee wangu," nikamwambia, "ushahidi wako ni kwamba hakuna ushahidi?"

"Ndiyo!" akasema, akafurahi kama nimemwelewa.

Kisha akanionyesha. Umbo la duara, hilo la kwanza. Halafu upande wa ndani kuna herufi za Kijerumani zilizoinuka, nusu yake zimelazwa na nyundo. Nikamwambia ni za pipa, dawa ile ilitoka kwao. Akatikisa kichwa, akaniwekea kidole juu ya mgongo wa mfuniko, pale palipokuwa peusi tititi.

"Mama, mfuniko inaungua chini. Moto iko chini. Hii imeungua juu. Kwa nini?"

"Kwa sababu tunapalia."

Hakulijua neno hilo. Akamgeukia kaka yangu amfafanulie. Na kaka yangu, aliyekula wali wa kupaliwa tangu alipoota meno, alitazama chini akasema, "Mambo ya jikoni mie siyajui sana." Wallahi, nilidhani sikusikia vizuri.

Msomaji wa mbali huenda akashangaa. Mie nilishangaa siku moja tu. Kaka hakupenda kuwa mtoto wa fundi bati. Chuoni, tulikosomea Kurani, walimwita mwana wa makopo, na alipoingia bandarini aliwaambia wenzake babake ni injinia. Sasa amekuja mzungu na kamera kumwambia kwamba uani kwao hakukuwa na makopo, kulikuwa na siri ya dunia nzima. Angeachaje kuishika?

Baada ya siku chache binti yangu akanijia na simu. "Mama, tazama, mjomba!" Kweli alikuwa yeye, kavaa kanzu nyeupe na kofia ya vito iliyodariziwa, kasimama ufukweni pale Shelly akionyesha majini kwa kidole. Anasema marehemu babake alikiokota chombo hiki pwani asubuhi moja, akakibeba nyumbani, akamuusia asimwambie mtu. Niliitazama mara tatu. Mara ya tatu nikamrudishia binti simu yake kabla sijaivunja.

Nikajifunga leso, nikaenda kwake. Nilimwamkia. Hasira zangu zina adabu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu, dadangu."

"Sikai. Baba alikiokota wapi kile chombo?"

Akajikunakuna kidevu. "Baba ameshakufa, Mungu amrehemu. Kuna ubaya gani? Sasa anajulikana ulimwengu mzima."

"Anajulikana kwa kuokota!" nikamwambia. "Mtu amekunja chuma kwa mkono wake, amefikiri jasho la wali litapita wapi, na wewe mwanawe unamwambia ulimwengu kuwa aliokota!"

Akaniambia nipunguze sauti, majirani watasikia. Nikaipandisha. Ndipo akanieleza lile alilokuwa akilificha: Jumamosi Mjerumani na wenzake watakuja kuuchukua mfuniko. Utapelekwa hoteli moja ya Shanzu watu wauone, kisha utakwenda Ulaya, wakate kipande wakipime. Alisema neno "wakate" kama mtu anayetaja keki.

"Haukatwi wala hautoki," nikasema, nikaenda zangu.

Njiani kurudi nilikuwa nikisema peke yangu, watu wakinipisha. Nitasema kilichoniuma, na anayechukia achukie. Kitu chetu kikiwa kibovu, hakuna anayeuliza nani alikitengeneza, wanajua ni sisi. Kikiwa kizuri, kimekaa sawa, mviringo wake haukosei, basi kimeanguka kutoka mbinguni, au kimeletwa na Wajerumani. Hata Wajerumani wasioonekana, wenye ndege zisizoonekana, wana haki ya kuaminiwa kuliko mzee mweusi aliyekuwa akigonga mbele ya macho ya mtaa mzima. Nilimwambia binti anitafutie wanasemaje wanaochunguza mambo hayo ya vita. Akanisomea kwamba hadithi zenyewe zilianza kuvuma vita vikiwa vimeshakwisha, za fulani alimwambia fulani, na hakuna chombo hata kimoja kilichopatikana. Nikasema alhamdulillahi, sasa walau si mie peke yangu nisiyeamini.

Jumamosi hiyo jirani alikuwa akiozesha. Tangu alfajiri nilikuwa uani na wanawake wenzangu, nyama imeiva, mchele umetiwa, sufuria limefunikwa. Saa nne ikasimama pikapu mlangoni. Akashuka Mjerumani na wenzake wawili wenye kamera, na nyuma yao kaka, na ile kanzu.

"Karibuni," nikasema. "Chombo chenu hicho hapo. Kiko kazini."

Makaa yalikuwa mekundu juu ya mfuniko, ukingo hadi ukingo, na mvuke ukitoka kwenye kikombe cha juu ukinukia iliki. Mjerumani akashika kichwa. "Mama, unaharibu!"

"Naharibu hivi hivi tangu nilipoolewa. Tazama umeungua wapi. Chini au juu?"

Alitazama. Nilimwona akitazama, na kwa muda kidogo nilidhani imemwingia. Kisha akawageukia wenzake na kamera zao akawaeleza kwa lugha yao, na kaka, anayeisikia kidogo, nikamuuliza anasema nini. Kaka akajibu akiwa hanitazami. "Anasema wenyeji wamegundua kwamba chuma hiki hakiyeyuki."

Lo! Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu. Mie sikucheka. Nilichukua mwiko, nikasimama mbele ya kaka yangu, mie mdogo wake, mbele ya watu na kamera, jambo ambalo sijapata kulifanya maishani.

"Kaka, sitaki kusema na mgeni tena, hana kosa kubwa, hakuwapo. Nasema na wewe. Pipa lile nani alilivingirisha kutoka feri mpaka hapa?"

Akautazama mfuniko.

"Baba mkono mmoja ulikuwa na nyundo, wa pili una patasi. Bati la ukubwa ule halijishiki lenyewe. Upande wa pili nani alikuwa amelishika?"

Akageuza uso kuelekea barabarani.

"Na hilo sikio lako la kushoto, ambalo mpaka leo ukiitwa wageuka kama kuku, lilizibwa na nini? Na ndege ya Wajerumani?"

Wenzangu walianza kucheka tena, wakaacha. Kaka alikuwa amejishika sikio. Hakujua kama amejishika, mkono ulikwenda wenyewe. Macho yake yalikuwa yamejaa, na mie, pamoja na ukali wangu wote, nilitamani nirudishe maneno mdomoni.

"Nilishika mie," akasema chinichini.

"Anasema nini?" Mjerumani akauliza.

"Nilishika mie!" Safari hii alisikika mpaka barabarani. "Baba alipiga, mie nilishika. Alikuwa akiniambia, geuza, geuza kidogo, mwanangu, shikilia, na mie nikilia kwa ule mlio na siachii. Hakuokota. Nimesema uongo. Babangu hakuokota kitu maishani mwake."

Kisha akakunja mikono ya kanzu yake nyeupe, akachukua gunia lililoloweshwa, akaniita. Tukapakua makaa, akasimama upande wa upepo, pale alipokuwa akisimama baba, tukashika mikono minne ya mfuniko tukauinua pamoja. Pilau ilikuwa imeiva, punje zimeachana, haikuloa hata katikati. Wageni walikula. Mjerumani alikula sahani mbili, akanishukuru kwa adabu sana, na pikapu ikaondoka tupu.

Nilidhani yameisha. Baada ya wiki video mpya ikatoka. Kaka hayumo, maneno yake yamekatwa yote. Yamebaki makaa mekundu, mvuke, mie na mwiko wangu nikiwa nimekasirika, muziki wa kutisha, na maandishi ambayo binti aliogopa kunisomea. Yalisema kwamba mpaka leo wenyeji wanakiabudu chombo hicho kwa moto. Nilipiga kelele jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Nikaapa kwamba Mjerumani akikanyaga tena uani kwangu nitampalia yeye.

Kaka hakupiga kelele. Kila asubuhi akishaswali anakaa barazani kwake, anavaa miwani, anaisogeza simu karibu na uso, na kwa kidole kimoja anaandika chini ya ile video, herufi moja moja: Huu ni mfuniko. Alipiga babangu, fundi bati wa Likoni. Nilishika mie. Kufika mchana huwa wenye video wameshayafuta maneno yake. Kesho yake anaandika tena.