Mbege ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alipoacha kula, aliacha kimyakimya. Uji anausogeza pembeni, supu anaitazama tu mpaka inapoa. Tulikuwa tumemleta kutoka Kilimanjaro kwa matibabu, tukamlaza chumba cha mbele cha nyumba yetu ya ghorofani hapa Kariakoo, makelele ya mtaani yanampandia dirishani mchana kutwa. Daktari akatuambia tumpe chochote atakachokubali kumeza. Tulipomuuliza, akataja kitu kimoja tu: mbege, pombe ya ndizi ya kwao.

Haya, nani aifuate? Mume wangu yuko Tunduma na mzigo. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ana duka la vitenge mtaa wa pili na siku hiyo alikuwa anashusha marobota. Nimebaki mimi, mtoto wa mtaa wa Gerezani, na baibui langu.

"Wewe hata ukiileta hatakunywa," wifi akaniambia kwenye simu. Hakusema kwa ubaya. Kwao pombe haipokelewi hivi hivi. Anayekupa lazima apige funda la kwanza mbele yako, uone haijatiwa kitu. Na mimi sinywi. Mume wangu naye hanywi tangu aliposilimu ili anioe, na mzee hakuja harusini kwetu kwa sababu hiyo. Miaka yote tulikuwa tunasalimiana tu. Shikamoo baba, marahaba, basi.

"Nitaileta," nikasema. "Asipokunywa, shauri yake."

Mimi ukiniambia siwezi, ndiyo umenituma. Na kubeba pombe nako kuna dhambi yake, najua sana. Hilo nitaongea na Mola wangu mwenyewe.

Kilabu chenyewe kiko Buguruni, nyuma ya gereji, lango la bati halina hata maandishi. Nimezaliwa mji huu, Buguruni nimepita tangu nikiwa mgongoni kwa mama, lakini kuvuka lile lango ilikuwa ni kushuka nchi nyingine. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi wanapokezana kata ya kibuyu, hakuna mwenye haraka. Mmoja aliponiona akavua kofia.

"Mama, msikiti uko upande ule!"

"Naujua. Ndiko nilikokuwa nakuombea wewe."

Wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Mwenye kilabu akatokea, mama mnene wa Kilimanjaro, kanga mbili kiunoni, akanipa pole ya safari ingawa nilitoka hapo Kariakoo tu. Nilipomweleza habari ya mgonjwa, hakuniuliza tena kitu. Akanishika mkono akanipeleka nyuma.

Huko nyuma kulikuwa na kigizagiza na mvuke. Ndizi mbivu zilikuwa zinachemka kwenye sufuria kubwa mpaka zimekuwa nyekundu. Pembeni yalikuwepo mapipa ya zilizochemshwa zamani, zimeachwa zilale siku kadhaa. Mama akafunua moja, akaniinamisha sikio. Nikasikia povu linapasuka taratibu, mvua ya mbali juu ya makuti. "Inaongea," akasema, akarudi kwenye uji wake wa ulezi wa kuchanganyia. Nikakaa kwenye kigoda kusubiri achuje. Nyuki walikuwa wanatembea ukingoni mwa pipa, mwanga unaingia kwenye matundu ya bati, honi za barabarani zinafika humo zimeshachoka. Sikuonja tone, Mungu shahidi yangu, lakini kichwa kilikuwa chepesi na macho yanajifumba, na sijui nilikaa pale kwa muda gani.

Humo kwenye usingizi usio usingizi nikamwona mume wangu akiwa mdogo, anacheza katika harufu hii hii, nyuma ya vyungu vya mama yake. Hajawahi kunisimulia. Nikamwona na mzee, jioni, amekaa na kata mkononi, nafasi ya mwanawe pembeni haina mtu. Nilikuwa nikidhani amenikasirikia kwa sababu ya dini. Kumbe alikuwa amebaki peke yake kwenye benchi. Nikaona uchungu, jamani, uchungu wa kweli.

Mama mwenye kilabu akanijazia galoni, akaniazima na kata. "Usikaze kifuniko," akaniasa, "itakupasukia." Basi nikakilegeza, na kwenye bajaji kila shimo likanimwagia povu mapajani. Na ilikuwa Ijumaa! Napanda ngazi za nyumba yetu nanuka kilabu kizima, majirani wanashuka na kanzu zao nyeupe kwenda kuswali. Asalaam alaykum, asalaam alaykum. Nikaitikia wote, uso mkavu.

Mzee aliisikia harufu kabla sijafika kitandani. Akajitahidi kukaa. Nikamimina kwenye kata, nikamshikia kwa mikono miwili.

"Baba," nikamwambia, "mimi sijaonja, na sitaonja. Lakini ni salama. Nimeipakata mwenyewe toka Buguruni."

Akanitazama. Niliogopa atageukia ukutani, afe na kiu yake ndani ya nyumba yangu, mbele ya kitu alichokitamani.

Akaipokea. Akapiga funda dogo, akalishika mdomoni huku amefumba macho, akasubiri. Akameza. Akasubiri tena kidogo. Halafu akainua kata na kunywa hasa, koo linapanda na kushuka.

Wifi akaingia anahema kwa ngazi, vumbi la marobota kichwani. Akaiona kata, akaniona mimi na baibui langu lililolowa. Akamuuliza baba yake kwa Kichaga, na mimi Kichaga sikijui, lakini swali nililielewa: nani ameonja?

Mzee akafuta povu kwenye ndevu. Akajibu kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Nimemwonjea," akasema, akanirudishia kata niijaze.