Nilivyoifungua Foku ya Makokha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nainamisha kichwa, na hizi mvi zangu zote hazinisaidii. Imenirudia asubuhi hii nilipokuona verandani umeigeuza baiskeli yako juu chini, simu umeiegemeza kwenye ndoo, kijana wa kwenye video anakufundisha kufungua foku, ile miguu ya mbele inayoshika gurudumu. Usiizime. Endelea, ila nipe sikio moja.

Kaka yangu Makokha alikuwa karani wa mashamba ya miwa huku kwetu Kabras. Kutwa alizunguka kwa wakulima na baiskeli ya mtumba ya kupandia milima, foku yake ina springi ndani, inashuka na kupanda ikikutana na mashimo. Siku hizo baiskeli za aina hiyo zilikuwa za kuhesabu hapa Malava, na watu walimsimamisha njiani ili waibonyeze tu, kama wanaojaribu godoro dukani. Fundi wake alikuwa mmoja, Mzee Ezekia wa sokoni. Mimi nilikaanga mandazi kando yake, msichana wa miaka ishirini mwenye mdomo mwingi, na mwaka mzima nilimwona akiifungua ile foku, akiifuta, akiipaka grisi na kuifunga. Nikaamini nimehitimu.

Jumamosi moja Makokha alikwenda matangani akaiacha baiskeli nyumbani. Mzee Ezekia alikuwa ameihudumia mwezi uliotangulia, lakini foku ilikuwa imeanza kulia tena. Nikasema nitaitengeneza mwenyewe, kaka ashangae, aisifu, ndipo nimwambie ni mikono ya nani.

Niliifungua uani kwa spana za kuazima. Grisi sikuwa nayo, nikachota mafuta ya kukamulia ng'ombe, maana nilijiambia kinacholainisha chuchu hakitashindwa na chuma. Cheka tu, mwanangu, hata mimi hapo hucheka. Taabu ilikuwa kwenye kufunga. Miguu ya foku hushikwa na boliti mbili za chini kabisa, na zangu zilizunguka tu bila kukaza. Nilizungusha mpaka kiganja kikatoka lengelenge, kisha nikasema, aah, zitajikaza zenyewe njiani.

Sasa sikia. Kila alipofika kwenye boliti hizo, Mzee Ezekia alikuwa akiilalia ile miguu kwa kiwiko, uzito wake wote juu, huku mkono wa pili ukizungusha spana. Mimi nilidhani mzee wa watu anapumzisha mgongo. Kumbe springi ikibanwa ndiyo inayokishika chuma cha ndani kisizunguke pamoja na boliti. Mwaka mzima nilitazama, na hata siku moja sikuuliza kile kiwiko kinafanya nini. Kuuliza si ujinga, nasi tunaogopa kuuliza ili tusionekane wajinga.

Makokha aliondoka Jumatatu kabla sijaamka. Akairusha baiskeli ivuke mtaro kama alivyozoea, na gurudumu la mbele likachomoka pamoja na ile miguu, yeye akabaki ameshika usukani hewani. Alivunjika mkono. Nilipomfikia kitandani alikuwa akisema Ezekia amezeeka, Ezekia nusura amuue. Baiskeli ilipoletwa, nilikuwa wa kwanza kuishika, nikayafuta yale mafuta ya ng'ombe kabla mtu hajayaona.

Habari mbaya haikai mahali pamoja. Ndani ya wiki, wateja walikuwa wakipita mbele ya Mzee Ezekia wakienda kwa fundi mwingine. Wiki mbili nilikaanga mandazi hatua tatu kutoka alipokaa bila kazi, naye kila asubuhi ananiuliza mgonjwa ameamkaje. Najua unanionea haya. Mimi pia najionea.

Jumapili ya pili akaja kumwona mgonjwa, amebeba ingokho kwapani, jogoo mzima, kama ilivyo desturi yetu. Nilikuwa mlangoni na birika la chai. Alikaa, akamwambia Makokha, "Mwanangu, nisamehe. Nilikuwanga najua boliti nimekaza. Lakini hii mikono siiamini tena. Kesho nampatia mpwa wangu spana, mimi niache kazi."

Mtu mzima anatubu kosa ambalo hakulitenda. Nikaweka birika chini nikasema, "Mzee, ni mimi. Mimi ndiye niliifungua."

Makokha aligeukia ukutani. Mzee Ezekia hakunitazama. Alivitazama kwanza viganja vyake, akavigeuza na kuvigeuza tena. Kisha akaniuliza polepole kama boliti zilikuwa zinazunguka tu, nikakubali.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Hiyo ya boliti nimekusamehe hapa hapa. Lakini wiki mbili umeniangalia nikijishuku, na ukanyamaza. Hiyo utaisema mbele ya soko yote."

Nikaisema siku ya soko, nimesimama kando ya benchi lake. Wengine walinicheka, wengine wakatikisa kichwa. Hadi adhuhuri mtu mmoja alikuwa amemletea baiskeli, na baadaye wakarudi karibu wote. Makokha alikaa mwezi bila kunisemesha, na sikumlaumu.

Kwa hiyo, mwanangu, ifungue foku yako. Tazama video, chafua mikono, hata ukiharibu si neno, chuma hununuliwa. Ukikuta jambo linazunguka tu bila kushika, simama uulize anayejua, hata kama ulijigamba jana. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako akaanza kuamini ni lake. Mkono wa Makokha ulipona kabla ya mavuno. Mzee Ezekia aliendelea na kazi miaka mingi, lakini kuanzia hapo mpaka tulipomzika, kila boliti aliikaza, akaondoka, kisha akarudi kuihakikisha tena. Hilo sikuweza kumtengenezea.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi, mwanangu, na ulimi usiochelewa kusema kweli. Usafiri salama, urudi salama, na asiumie mtu kwa ajili yako.