Picha ya Baba na jua la Mwala: macheo au machweo?

Wakuu, salamu kutoka Machakos. Nitakayosimulia ni ya kweli, ingawa hayanipi sifa yoyote.

Kuna jambo nimelikana miaka mingi: kwamba picha ninayoipenda kuliko zote huenda ilipigwa jioni.

Haya, nimesema.

Ni picha ya marehemu Baba, nyumbani kwetu Mwala. Amesimama ukingoni mwa shamba, kivuli tupu, jua jekundu begani. Niliipiga kwa kamera ya filamu, ya kuazima, nilipokuwa naondoka kwenda chuo kikuu. Kila mtu nimemwambia ni sunrise ya siku ile ya safari: Baba aliamka mapema kuniaga.

Mdogo wangu Mwende hakubali.

"Weka hiyo w mahali pake," huniambia. "Si macheo, ni machweo. Ulimpiga jioni, kesho yake ukaenda. Asubuhi Baba hakuwepo. Tulikupeleka stage ya matatu mimi na Mama."

"Ulikuwa mtoto, Mwende."

"Na sanduku lako lilibebwa na nani, wewe wa digrii?"

Mnaona shida yangu. Bila macheo, Baba hakuniaga.

Kwenye picha hakuna kilima wala mti wa kukuonyesha mashariki. Basi nikaamua kutumia sayansi. Nikanunua kamera yenye settings nyingi kuliko akili zangu, nikawa naenda Mwala wikendi kusimama pale pale, asubuhi na jioni, nilinganishe wekundu.

Hali ya hewa ilinicheka.

Julai, ukungu. Jua lilijitokeza limeshapanda, limepauka kama sahani. Oktoba, vumbi: asubuhi nyekundu, jioni nyekundu, mapacha kabisa. Novemba mvua ilinikimbiza hadi jikoni kwa Mama, kamera nimeificha ndani ya sufuria. Ilipokatika, jua la jioni likatoka njano safi, kama kiini cha yai.

Bodaboda aliyekuwa akinileta alichoka nami. "Madam, si hii jua ni ile ya jana?"

Mara nyingi nilisahau hata kubonyeza. Nilisikia kanga wakilia, nikanusa moshi wa jikoni, nikamwona Baba hapo aliposimama kila jioni kungoja ng'ombe.

Ndiyo, kila jioni. Hilo nililiruka.

Na Mama alikuwa pale muda wote, akichambua maharagwe. Sikumuuliza. Msomi mzima nahoji mawingu, na shahidi ameketi jikoni! Niliogopa jibu, basi.

Funzo naliweka hapa kabisa, maana baada ya yanayofuata sina la kuongeza. Rangi ya jua hukuambia hali ya hewa, haikuambii saa. Ukiwa na picha kama hii, muulize aliyekuwepo angali yupo. Mwenye yake aitupie hapo chini na kisa chake. Sitabishana na w ya mtu.

Jumapili iliyopita Mama alinipigia simu. Mwende alikuwa amemweleza yote.

"Ilikuwa jioni," akasema, bila hata salamu.

Akaendelea:

"Asubuhi baba yako alisema anaenda kutafuta mbuzi aliyepotea. Niliporudi kutoka stage nikamkuta nyuma ya ghala, amejifunika kofia usoni. Akaniuliza kama gari limeshaondoka."

"Na mbuzi, Mama? Alipatikana?"

"Mbuzi gani? Wote walikuwa zizini."