Mwonjaji wa Paja la Krismasi

Kitunguu saumu kikianza kuungua kwenye mafuta ya nguruwe, mimi hukasirika. Wenzangu humeza mate, mimi hununa. Juzi nilipita nyumba ya jirani hapa Buhembe, dirisha la jikoni likiwa wazi, harufu ikanipiga usoni, na kabla sijafika kwangu nilikuwa nimeshagombana na kijana wa bodaboda ambaye hakuwa amenikosea lolote. Mnivumilie niwaeleze chanzo, maana mume wangu nimemweleza mara nyingi na yeye huishia kucheka.

Baba yangu alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni mjini Bukoba, na kila Krismasi kazi yake kubwa ilikuwa paja la nguruwe la kuoka. Wageni wenyewe hawakuwa Wazungu, kama mnavyodhani. Walikuwa Wahaya wenzetu waliotoka Dar es Salaam kuja kusalimia wazazi, wakafika wakaona kwa wazazi hakuna maji ya moto. Nshomile wa kweli, wasomi wa kujisifu, kila mmoja alikuwa amekula mahali fulani mbali na alitaka ujue. Mwaka uliotangulia haya ninayosimulia, baba alilipaka paja asali na sukari kama alivyofundishwa ujanani, na mmoja wao akauliza kwa sauti kama ile ni nyama au ni keki ya harusi. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mkali asiyependa aibu, alimwambia baba kwamba Krismasi ijayo paja liwe la viungo, sukari asiione hata chembe, na likiharibika tena atatafuta mpishi mwingine kutoka Mwanza.

Hilo peke yake lisingemkosesha baba usingizi. Tatizo ni kwamba katikati ya mwaka alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa kushukia mjini, akapiga kisogo. Alipona kila kitu isipokuwa pua. Chumvi aliisikia ulimini, pilipili na ndimu pia, lakini harufu ilikuwa imeondoka yote, na ladha nyingi iliondoka nayo. Tangawizi na sabuni kwake vilikuwa ndugu. Mimi ndiye niliyemgundua. Siku moja maziwa yaliungua jikoni mpaka moshi ukatoka nje, naye amekaa hatua mbili kutoka motoni anasoma gazeti. Nikamuuliza, "Baba, husikii harufu?" Akakunja gazeti polepole, akaniambia jambo hilo tulijue watu watatu tu: yeye, mama na mimi. Likifika mjini, kazi imekwisha. Nilikuwa na miaka kumi.

Hivyo ndivyo nilivyofanywa mwonjaji. Nilijaribu kukataa. Nilimwambia baba kwamba mama ni mtu mzima, aonje yeye.

"Mama yako ananihurumia," baba alijibu. "Wewe huna huruma, Koku. Ndiyo maana nakutaka wewe."

Nilivimba kichwa kwa sifa hiyo, nikakubali. Laiti ningejua.

Mjomba wangu wa Muleba alifuga nguruwe. Desemba ilipoingia akaanza kutuma kwa basi vipande vya paja alivyovilaza kwenye chumvi na kuvitundika juu ya moshi wa jikoni kwake. Kila Jumamosi baba alioka kipande kimoja katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na kila Jumamosi mimi nilitwanga. Nilitwanga vitunguu saumu, nikatwanga tangawizi, nikatwanga pilipili manga mpaka nikapiga chafya za kutosha maisha yangu yote. Mwaka ule nilikuwa malaika wa pili katika igizo la Krismasi la usharika, mwenye sentensi moja tu ya kusema, na malaika wa kwanza alimwomba mwalimu asisimame karibu nami kwa sababu nilinuka kitunguu saumu. Nilijisugua vidole kwa ndimu na majivu. Harufu haikubanduka.

Nyama ikiiva, baba alikata kipande, akakipuliza, akaniwekea mdomoni, kisha akakaa mbele yangu kama karani wa mahakama. Hakutaka neno "tamu". Alitaka nieleze ni tamu vipi, inaanza na nini mdomoni, inaisha na nini, kitunguu kinatangulia au kinafuata. Jamani, mtoto wa miaka kumi! Wenzangu wanacheza rede barabarani, mimi naulizwa kama pilipili manga inatangulia au inafuata. Mdogo wangu alikuwa akila chochote alichopewa na kuondoka zake, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa kitunguu saumu, ndimu na haradali. Nilisema ukali wa haradali unameza kila kitu. Baba alifurahi, akapunguza. Jumamosi ya pili aliongeza majani ya rozimari aliyochuma kwenye ua wa nyumba ya mchungaji. Nilionja, nikatema, nikasema inanuka kama kabati la nguo za Bibi. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka. Alinivuta hadi nyuma ya nyumba, akanifinya sikio.

"Mtoto gani anamwambia baba yake chakula chake kinanuka? Tumekulea wapi wewe? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukipewa chakula unasema wakola, unanyamaza."

Wakola ni asante yetu, na kwetu mtoto huanza nayo kabla ya kujua kutembea vizuri. Sasa niambieni ningefanya nini. Baba anataka niseme kila kitu, mama anataka niseme neno moja, na wote wawili wanaishi nyumba moja na wanaelewana kuliko wanavyoelewana nami. Nilikwenda kulala nimewachukia wote sawasawa.

Jumamosi ya tatu ndiyo ya mwisho kabla ya Krismasi. Baba alikuwa amepata karafuu nzuri, nyeusi, za mafuta. Alichora nyama miraba miraba kwa kisu, akachomeka karafuu kila kona, halafu akasaga nyingine akapaka juu. Kwa kuwa hakuzisikia, aliendelea kupaka. Nyama ilipendeza kwa macho kweli kweli, ina rangi ya kahawia inayong'aa. Nilipoiweka mdomoni, ulimi ulikufa ganzi. Ilikuwa ni ile dawa wanayokupakia kwenye jino bovu, sasa ikiwa na mafuta ya nguruwe ndani yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kipande chake mkononi, ananitazama. Mazoezi ya mwisho ya igizo yalikuwa yameshaanza, nilisikia kwaya kutoka kanisani. Nikisema ni mbaya, nitatwanga upya hadi jioni. Nikisema ni mbaya, sikio.

"Tamu, baba," nilisema. "Wakola."

Baba alinitazama machoni. "Kweli, Koku?"

"Kweli."

Akamgeukia mama. Mama naye akasema, "Wakola." Nikavaa viatu nikakimbia kanisani.

Siku ya Krismasi niliisema sentensi yangu ya malaika bila kukosea. Mchana baba akarudi mapema, aproni ameikunja kwapani. Alimsimulia mama taratibu, nami nasikia. Wageni walikaa, paja likaletwa mezani, wakalisifu kwa macho, wakalitia mdomoni. Mmoja akauliza kama jikoni kuna daktari wa meno. Mwenye nyumba ya wageni akalibeba paja mwenyewe hadi jikoni, akamwekea baba puani na kumwambia anuse. Baba akasema linanukia vizuri. Yule mama hakuwa mjinga. Akachukua chupa ya mafuta ya taa kutoka chini ya meza, akaifungua nyuma ya mgongo wa baba, akamuuliza na sasa anasikia nini. Baba akasema, nyama.

Hakumfukuza. Alimpa kazi ya kumwagilia maua na kufungua geti, na baba aliifanya hadi alipozeeka, akiwa na kofia ya mlinzi. Jikoni hakurudi. Mimi nilisubiri kuchapwa wiki nzima na sikuchapwa, na hilo likanikera kuliko fimbo.

Nilikiri makosa yangu kwa baba nikiwa tayari nina watoto wangu. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tukimenya ndizi, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Nikamwambia, "Baba, lile paja la karafuu nilikudanganya."

"Najua," alisema, wala kisu hakukisimamisha. "Nilijua siku ile ile. Nilimwona mama yako amejificha nyuma ya jiko anatafuna buni za kahawa kuondoa ladha mdomoni, tena haraka haraka. Na mama yako kahawa haipendi."

Machozi yote niliyokuwa nimeyaandaa yaligeuka hasira. Nilimuuliza kwa nini basi alikwenda akaoka vile vile, mbele ya watu, na riziki yake iko hatarini.

"Nilijiambia labda mama yako anaumwa jino," baba alisema. Akachukua ndizi nyingine. "Halafu, Koku, ningekwambia umenidanganya, kesho yake ningeonja na nani?"

Miaka yote ile nilijihesabu kuwa mtoto aliyemdanganya kipofu wa pua. Kumbe macho yalikuwa mazima, yaliona, na bado alilichukua neno langu akaenda nalo kazini, kwa sababu kuliacha kungenifanya mwongo nikiwa na miaka kumi. Ninamkasirikia kwa hilo. Mtu mzima hafanyi hivyo na mkate wa nyumba yake. Nimewahi kumwambia, tena kwa sauti, naye ameitikia kwa kichwa tu.

Siku hizi nikimpelekea chakula simsubiri aniulize. Namwekea sahani, nakaa mbele yake, namsomea makosa yangu yote. Jana nilimwambia samaki wamezidi binzari, mchuzi unaanza na nyanya na kuisha na uchungu kidogo, na wali una moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta sahani, akala yote.