Ganda Moja Tupu

Baruti ya bunduki, kabla haijawaka, hainuki moshi. Inanukia kama rangi ya kucha iliyochanganyika na unga wa penseli, na kwangu hiyo ndiyo harufu ya Oktoba ile nilipokuwa na miaka kumi na moja, katika chumba cha chini cha nyumba yetu ya kupanga, Scarborough, ughaibuni. Juu Mama anakaanga vitunguu, chini mimi na Baba tunatengeneza risasi. Nikisimulia leo watu wananitazama vibaya, lakini kwetu ilikuwa kazi ya utulivu tu, kama kuchambua mchele. Baba alikuwa dereva wa basi la jiji, na kila Novemba alikwenda kaskazini na Mjomba Deo, kaka yake Mama, kuwinda kulungu. Risasi za dukani alizidharau; alisema zimetengenezwa kwa ajili ya bunduki ya kila mtu, yaani si ya mtu yeyote. Basi tulichukua maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, tukayasugua yang'ae, Baba akayatia fataki mpya kitakoni, kile kidonge kinachowasha baruti. Baruti ilikuwa kazi yangu, maana mkono wangu hautetemeki. Napima kwenye kisahani cha mizani, namimina kwa faneli, nahamia ganda linalofuata, ishirini yote yakiwa yamesimama kwenye kibao chenye matundu. Mwisho Baba anamulika ndani ya kila ganda kwa tochi, kisha anashusha mkono wa mashine na kichwa cha risasi kinakaa mdomoni. “Baruti ikizidi ni mbaya,” aliniambia, “lakini ganda tupu ni baya zaidi. Fataki peke yake inasukuma kichwa kidogo tu, kinakwama ndani ya mtutu. Wewe unadhani risasi imegoma, unapiga ya pili, na bunduki inakupasukia usoni.”

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nimeshapima baruti ya ganda la mwisho, Mama akaita kutoka juu: “Bibi yuko hewani, njooni mumsalimie.” Kwetu simu ya Bibi kutoka Moshi haisubirishwi, hata kama unaoga, utatoka na povu. Nikafunika mizani kwa taulo, tukapanda mbio. Nikampa shikamoo, akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akasema muongo, mbona shingo imekuwa ya twiga. Kisha akamgeukia Baba na kumsema kwa kutopiga simu mwezi mzima. Tuliporudi chini Baba alikuwa bado anacheka peke yake. “Zote tayari?” akauliza. Nikasema tayari. Siku hiyo hakuchukua tochi.

Wiki mbili baadaye waliondoka. Siku ya pili ya safari yao nilishuka kutafuta gundi ya kazi ya shule, nikaliondoa lile taulo kwenye mizani. Kisahani kilikuwa na baruti. Ya ganda moja, imetulia kama nilivyoiacha.

Nilimpigia Baba. Mwanamke wa kwenye simu akaniambia kwa upole kwamba hapatikani. Nikampigia Mjomba Deo, mwanamke yuleyule. Nikatuma ujumbe wa sauti: “Baba, usipige bunduki. Kuna moja tupu. Ni mimi.” Tiki moja ya kijivu. Nikatuma tena, na tena. Mama alipoelewa alizima jiko, akavaa koti, akafika mlangoni, akalivua. Aende wapi? Akapigia polisi, wakamuuliza msitu gani, naye akanigeukia mimi kama vile ninajua. Tulichojua ni “kaskazini” na “kwa yule mzee mwenye kibanda.” Basi tukakaa. Mimi ni mtu wa ndoto toka zamani, nikajaribu kuota vizuri: mvua inanyesha, bunduki imesahaulika garini. Kanisani niliwaombea kulungu zaidi ya nilivyomwombea Baba, kwa sababu wao wakijificha, yeye amepona.

Siku ya nne alasiri tiki zote zikawa mbili kwa mpigo. Kisha zikaanza kugeuka buluu, mojamoja, taratibu, nikajua kuna mtu mahali fulani anasikiliza sauti yangu. Simu ikalia. “Tuko kituo cha mafuta,” Baba akasema. “Hatujapiga hata moja. Mjomba wako kakoroma mpaka wanyama wamehama mkoa.” Nikashindwa kucheka. Halafu akasema, “Pole, mwanangu. Siku zote hizo umekaa na jambo hili.” Nilitegemea kugombezwa. Ile pole ndiyo iliyoniliza.

Aliporudi tulizifungua risasi zote ishirini. Ile tupu ilikuwa miongoni mwa nne za mfuko wa koti, ambazo kila asubuhi aliziingiza kwenye bunduki na kila jioni kuzitoa.

Sasa nina miaka ishirini, nakanda mikate kwenye duka la watu na kuota tanuri langu mwenyewe. Baba ananunua risasi dukani, na hajawahi kusema kwa nini. Siku hizi simu inashika hata kule msituni. Ananitumia picha za theluji na buti zake, na mimi naona zimefika, naona nikijibu anasoma. Yote niliyoyalilia mwaka ule ninayo mkononi. Lakini gari lake likishakata kona, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Mwaka huu akaniambia nafasi ipo, twende wote. Nikamshukuru, nikabaki. Lazima awepo mtu upande wa pili wa simu.